Benchi Lililokataa Kushika

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Wote wanaisimulia vibaya. Mzoa taka anasema nilianguka jalalani kichwa mbele, miguu juu, akanivuta kwa kisigino kama mbuzi. Mama Kreti, muuza soda wa nyumba ya pili, anasema alisikia kishindo. Kishindo gani? Mimi mwembamba kama ufito. Na Soli, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ndiyo basi tena. Ameshawaigizia wateja wake mara tatu. Kiatu cha mtu kinakuwa mimi, ndoo inakuwa jalala.

Sasa ukweli uandikwe. Sikuanguka. Nilishuka. Nilishuka haraka, hilo nakubali.

Naandika upande wa ndani wa mfuko wa simenti. Karatasi nzuri, ngumu, haina mistari ya kukuamrisha uende wapi. Shule sikukaa. Herufi nilizijulia kwenye mifuko hii hii, miaka thelathini nikibeba zege. Ndiyo maana nikiandika HIFADHI MAHALI PAKAVU mkono wangu unamshinda karani. Maneno mengine yanakuja yanavyotaka.

Jalalani nilifuata mali. Wenzangu wakiona taka, mimi naona kokoto. Najenga benchi la zege mbele ya mlango wangu, la watu sita, kwa vitu vilivyotupwa tu, isipokuwa simenti mfuko mmoja. Watu saba wameniomba. Saba, nimewahesabu. Wamenijia mmoja mmoja: mzee, tupatie pa kukaa kwako tusikie habari zako, tumechoka na ubao wa Soli, una msumari unaochoma.

Jambo lenyewe lina haraka kidogo. Leo binti yangu kapiga simu. Kasema baba, tangu mama aondoke umebaki kama kinu kisicho na mchi. Nikamwambia nani, mimi? Watu hawakauki hapa kwangu! Halafu kasema sawa, Jumamosi anakuja kuona. Akinikuta na watu, ataniacha na nyumba yangu. Akinikuta peke yangu, nafunga mzigo nahamia kwake, chumba cha uani, kile wanachowekea baiskeli.

Binti yangu ana moyo mzuri. Lakini kwake hakuna anayenijua. Nitamtania nani kule? Mkwe? Mkwe hataniwi.

Simu yangu haisikiki mpaka niweke spika, na sauti yangu mimi ni ya saiti. Nilipokata nikaona Soli kashika nyundo hewani, haijashuka. Mbea yule.

Jumatatu, tarehe 4

Kazi imeanza! Mama Kreti alikuwa na kreti nane za soda zilizopitwa na tarehe, anatafuta wa kumwondolea. Kanionya nisizimwage mtaroni, nyuki watamhamia. Nikamwambia mama, kwangu hakimwagwi kitu.

Nimezimimina zote kwenye pipa. Kisha nikaongeza maji, nikasuuzia chupa humo humo. Bomba letu linatoa siku mbili kwa wiki, na mjinga ndiye anayemwaga maji. Sasa pipa limejaa mpaka shingoni, rangi ya kahawia, linatoa povu la heshima. Maji ya zege hayo. Nimejisifu kwa sauti. Hakuna aliyesikia, nikajisifu tena.

Mchana nikaponda chupa. Unazitia kwenye gunia, unafunga, unapiga nyundo, zinatoka kokoto za kijani kama vito vya mfalme. Gunia la kwanza, la pili. La tatu nikasikia kama naulizwa, unavunja nini tena wewe? Nikajibu kokoto, mama. Halafu nikasimama na nyundo yangu, nikakumbuka kwamba jikoni hakuna mtu.

Soli kapaza sauti kutoka ng'ambo. Kauliza, Injinia, umeanza kutafuna chupa? Hilo ndilo jina alilonibandika. Nikamjibu leo natafuna chupa, kesho nawatafuna washona ndala. Ubao wake mzima ukacheka, watu sita. Upande wangu nilicheka mimi.

Jumanne, tarehe 5

Benchi bila chuma ni biskuti. Nondo sina. Nikazunguka nyumba nzima, macho yakaishia kitandani.

Kitanda cha chuma, cha watu wawili, tangu tunaoana. Upande wa ukutani huu mwaka wa pili haujalaliwa. Hata shuka halikunjamani kule. Nikauambia, wewe unakaa bure tu hapa. Nikachukua msumeno. Asubuhi nzima nimekata. Nimepata vyuma vinne vimenyooka, na kitanda cha mtu mmoja kilichoegemea matofali.

Majivu nimeyapata kwenye tanuri la mikate, ndoo tatu, yanasaidia simenti isichoke. Kifusi nimekitoa kwenye ule ukuta uliobomolewa kona ya pili, nikakichekecha. Basi: simenti, majivu, kifusi, chupa, vyuma, na maji ya pipa. Nikachanganya kwa beleshi mpaka mgongo ukaniita kwa jina.

Lilikuwa zege la ajabu. Laini, linang'aa. Linanukia! Miaka thelathini sijawahi kukutana na zege linalonukia sherehe. Nikalimimina kwenye boksi la mbao, nikalishindilia, nikapanga vifuniko vya soda juu, chekundu, kijani, chekundu, kijani. Pembeni nikaandika kwa msumari maneno ninayoyaweza vizuri. HIFADHI MAHALI PAKAVU.

Soli kavuka barabara. Mguu wake haujafika kwangu tangu siku ya msiba wa mke wangu. Sikumwalika, labda naye alingoja aalikwe. Kalizunguka benchi. Kachutama. Kanusa. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya ufundi, huijui, umezoea soksi. Kauliza maji nimetoa wapi. Nikamwambia siri ya fundi hiyo. Katikisa kichwa, karudi kwake.

Wivu.

Jumatano, tarehe 6

Nimeamkia sakafuni. Nilijigeuza upande ambao haupo tena.

Benchi: bichi. Nimetia kidole, kimezama mpaka kwenye kifundo. Nikasema ni baridi. Jua likatoka, likawa kali, nikatia kidole cha pili. Kikazama kuliko cha kwanza.

Halafu sisimizi. Wamepanga mstari kutoka mlango wa Mama Kreti mpaka kwenye benchi langu, wamenyooka kuliko kamba ya mwashi. Sijawahi kuona mdudu anakula zege. Nikajipa moyo: kazi nzuri hata mdudu anaijua.

Mzoa taka alikuwa anapita na toroli. Kasimama. Kaomba ruhusa ya kugusa. Katia kidole, kakitoa, kakitazama, kamwita mwenzake. Mwenzake katia chake. Mwalimu wa nyumba ya kona naye, na chaki zake mfukoni, katia. Kufika adhuhuri walikuwa tisa. Kila mmoja na kidole chake na swali lake. Nikawaeleza. Nikaanza na zege, nikaingia kwenye lile daraja nililolijenga, yaani nililolibebea zege, nikapitia ile hadithi ya fundi aliyejijengea ndani akasahau mlango. Walicheka mahali pa kuchekea.

Nimeongea mpaka koo likakauka. Ndicho kitu pekee kilichokauka hapa leo.

Alhamisi, tarehe 7

Bado bichi. Sasa na nyuki wamefika.

Kila mtu ana lake. Mwalimu anasema unyevu wa hewa. Mchoma mikate anasema majivu yake ni safi, kama kuna lawama itafutwe kwingine. Mama Kreti anasema nililisifia mno, likaona haya.

Mimi nina langu. Nimelisema mbele ya halaiki: juzi kuna mtu alichutama hapa, akanusa, na mtu anayechutama huwa na mkono. Wote wakageuka kumtazama Soli, ambaye naye alikuwa amekuja kutia kidole. Hakukasirika. Kafuta kidole kwenye aproni yake.

"Injinia," kasema, "mimi nikitaka kazi yako iharibike, nakuacha uifanye mwenyewe."

Walicheka mpaka mzoa taka akatafuta pa kukaa. Kakaa kwenye benchi. Tumemnyanyua watu watatu. Suruali yake sasa ina vifuniko viwili, chekundu na kijani, na umbo lake limebaki kwenye zege kama muhuri.

Watu kumi na wanne leo. Kwenye ubao wa Soli walibaki wawili, mmoja kasinzia. Nilivusha macho kidogo kuhakikisha. Ndiyo, kasinzia.

Ijumaa, tarehe 8

Soli kaja asubuhi mapema, mtaa haujaamka vizuri. Katia kidole, kakilamba. Kafumba macho kama mpishi.

"Umetia soda."

Nikamwambia sikutia soda. Nimetia maji yaliyowahi kukaa na soda.

Ndipo kakaa kwenye kreti akanieleza. Kumbe kabla ya viatu alikuwa kibarua wa ujenzi, hilo sikulijua, miaka yote hii. Anasema kwao fundi mkuu hakuruhusu mtu anywe chai karibu na simenti. Sukari kidogo inailevya, sukari nyingi inaiua. Zege lako, kasema, halitashika kesho wala Jumamosi ijayo. Lizoe, tafuta mfuko mwingine, tumia maji matupu, nitakushikia beleshi.

Nikamjibu simenti haiugui kisukari. Nikamjibu kubeba zege miaka thelathini ni kujua. Kanisikiliza mpaka nikamaliza maneno.

"Na benchi la nini, lakini? Vuka barabara ukae kwangu. Nafasi yako ipo. Msumari nimeshaugonga."

Kusema kweli jibu langu lilikuja baya: nikamwambia siwezi kukaa mahali nikanuka gundi. Kanyanyuka, kajipangusa, karudi kwenye viatu vyake.

Leo waliokuja kuangalia ni wanne. Jana kumi na wanne, leo wanne. Mtu akishatia kidole mara mbili amemaliza. Mwalimu kapita bila kusimama, kainua mkono tu.

Kesho Jumamosi. Jioni nimefunga mzigo mdogo. Mwiko wangu, shati la kutokea, picha ya mke wangu amekaa mlangoni na watu wake wamemzunguka. Si kwamba naogopa. Nilitaka kuona tu kama utafungika. Umefungika. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, tarehe 9

Saa mbili, hakuna mtu. Saa tatu, hakuna. Saa nne nilikuwa nimekaa juu ya kreti kando ya benchi langu, shati la kutokea mwilini, nikifukuza nyuki. Nikawahesabu nyuki. Nikafikiria kama binti yangu angekubali wahesabiwe.

Ndipo nikaona mambo. Soli kaweka nyundo chini. Kasimama. Kawaambia waliokaa wainuke. Kashika ubao wake upande mmoja, mwalimu kashika wa pili, wakavuka nao barabara, na kundi zima nyuma yao kama wamebeba bibi harusi. Wakautua mbele ya mlango wangu. Soli kasema anataka kuliangalia benchi kwa karibu, maana kule kwake jua linampiga machoni.

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Mtu akishindwa usimkanyage. Maana huo si ushindi? Hata ubao wake umehamia kwangu!

Mama Kreti kaja na wateja wake. Mzoa taka kaja na suruali nyingine. Binti yangu na mumewe walipotokea saa tano walikuta watu kumi na saba. Soli alikuwa katikati, anaigiza nilivyoanguka, yaani nilivyoshuka jalalani, na mimi namsahihisha kila hatua. Binti yangu kacheka mpaka kashika ukuta. Anashika ukuta kama mama yake, kwa kiganja, kichwa chini.

Wakampisha, kakaa kwenye ubao. Kaambiwa atie kidole. Katia. Mkwe naye, na saa yake ya mkononi, katia kwa adabu.

Baadaye binti yangu kaingia ndani kunywa maji. Kakawia. Nadhani alikiona kitanda. Nadhani aliuona na mzigo, niliusahau palepale mlangoni. Kamvuta Soli pembeni, wakaongea. Masikio yangu hayafiki huko. Nilimwona Soli ananyoosha kidole kwenye ubao, mahali pa katikati, halafu ng'ambo ya barabara, halafu anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena.

Binti yangu kanijia. Kanirekebisha kola.

"Kweli, baba. Watu hawakauki."

Wameondoka saa tisa. Nilipunga mkono mpaka gari likakata kona. Halafu nikaendelea kupunga kidogo, mkono ulikuwa umeshazoea.

Nimeshinda.

Jumapili, tarehe 10

Ubao umerudi ng'ambo. Leo fundi viatu hakufungua, kwa hiyo umekaa mtupu.

Asubuhi mzoa taka alikuja na toroli, kalizoa benchi kwa beleshi kama uji uliolala. Nilimwomba aanzie upande ule wenye maandishi, sikutaka kuyaona yanabaki peke yake. Soli alipita akielekea kwake, kaviokota vile vyuma vya kitanda, kavisuuza kimoja kimoja, kaviegemeza mlangoni. Bila utani hata mmoja! Bora angetania.

Mbele ya mlango pamebaki mstatili wenye unyevu. Sisimizi waliuzunguka mpaka mchana, wanaulizana. Kisha nao wakapanga mstari wakaenda zao.

Nimefungua mzigo. Mwiko kwenye msumari wake. Picha kwenye meza. Kimya kilichomo humu unaweza kukikata matofali ukajengea. Nilichukua simu nimpigie binti yangu, nimwambie jinsi nilivyoshinda. Nikaona nitamwambia nini, alikuwepo.

Alasiri Soli katokeza mlangoni kwake, kaniita kwa mkono. Nikajifanya nafagia. Nimefagia uwanja mara nne. Haujawahi kuwa safi hivi.

Jumanne, tarehe 12

Jana nilivuka barabara. Kukagua tu. Mtu akikwambia msumari ameugonga, usiamini mpaka umekaa. Nimekagua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ni kweli kaugonga. Walinipisha pale katikati, na bila kuulizwa Soli kanitilia mto wa ngozi chini, kasema makalio ya injinia ni nyaraka, hayawekwi ovyo. Nilimwambia stori ya daraja. Anaijua. Kaisikiliza.

Wakati naondoka kaniambia kesho mapema, Injinia. Nikamwambia nitaangalia ratiba.

Leo sikwenda. Ratiba imekataa. Nimepata mali!

Kule kituoni kuna mkamua miwa. Kila siku anajaza magunia ya makapi, hajui ayatupe wapi. Nimeyashika mwenyewe: nyuzi ndefu, ngumu, bado mbichi mbichi. Nondo za bure hizo, na vyuma vyangu nilishavirudisha kitandani kwa waya, ili nikijigeuza pawepo upande. Na yale maji yanayotiririka chini ya mashine yake, yalikuwa yanapotea! Nimekinga ndoo mbili. Mjinga ndiye anayemwaga.

Nililikumbuka neno la Soli kuhusu sukari. Mimi si mtu wa kupuuza wenzangu. Nimelipima njia nzima, ndoo huku na ndoo huku. Nikaona tofauti. Ile ilikuwa sukari ya soda, ya kiwandani, haina kwao. Hii ni ya muwa, imetoka ardhini. Simenti nayo imetoka ardhini. Ndugu hawawezi kugombana.

Kesho namimina. Safari hii benchi la watu wanane. Nimeshawaza maneno ya kuandika pembeni, nitaandika yale yale, yana bahati. Soli kaniona napita na magunia. Kashika nyundo hewani tena, haijashuka mpaka sasa.

Neno moja, maana nilisema ukweli uandikwe na mfuko umebakiza nafasi ya vidole viwili. Wale saba walioniomba benchi. Hawakuwa saba. Hawakuwa hata mmoja. Niliwatunga nikiwa nimekaa mlangoni, nikampa kila mmoja maneno yake.

Lakini jalalani nilishuka.